Utabiri au Makadirio? Istilahi ya Hali ya Baadaye ya Mgonjwa wa Moyo

Wako wafasiri wanaotumia neno "utabiri" kwa dhana ya kueleza mapema hali ya mgonjwa katika miaka ijayo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo halifai, hasa kwa mgonjwa aliyezibuliwa mshipa wa moyo.

Tiba hiyo ilifanywa kwanza na Andreas Grüntzig mjini Zürich mwaka 1977, kwa puto dogo lililopitishwa ndani ya mshipa. Siku hizi hutolewa pia katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na aghalabu mgonjwa huachiwa ndani ya mshipa kijibomba cha wavu wa metali, yaani stenti.

Tumfikirie mkulima wa mpunga wa Mofu, katika bonde la Kilombero, anayerudi nyumbani baada ya tiba. Neno "kuzibua" halimpotoshi: anajua kwamba mfereji uliozibuliwa huweza kujaa tope tena. Lakini akiambiwa kwamba "utabiri ni mzuri", atafahamu nini? Mtabiri husema litakalokuwa. Basi huenda akaacha dawa za kuzuia damu kuganda kabla ya muda alioagizwa, damu ikaganda ndani ya stenti, akafa. Akiambiwa kwamba "utabiri ni mbaya", ataona hakuna haja ya dawa.

Daktari hatabiri. Hutazama umri, kisukari, figo, uvutaji wa sigara, idadi ya mishipa iliyoathirika na nguvu ya moyo ya kusukuma damu. Kisha hulinganisha na yaliyowapata wagonjwa wengi wa namna hiyo. Akisema, kwa mfano, kwamba kati ya 100 wa hali hiyo 90 huwa hai baada ya miaka 5, hakumtaja yeyote miongoni mwa wale 10.

Watetezi wa "utabiri" watataja hali ya hewa. Lakini mvua haibadiliki kwa matendo ya msikilizaji; ugonjwa huweza kubadilika. "Ubashiri" nao umekwisha kuzoeleka katika kamari ya mpira.

Twapendekeza "makadirio ya hali ya baadaye". Mtumishi wa serikali anayajua makadirio ya mapato na matumizi, na kwamba huweza kurekebishwa. Mkulima wa Mofu naye hukadiria magunia mpunga ungali shambani, na anajua kwamba asipopalilia hatayapata. Maana hiyo ndiyo istilahi yetu haina budi kuibeba.