Pumzi ya Merege ndani ya biti: X Plastaz walivyoipanga albamu yao ya kwanza

Mwaka 2004 lebo ya OutHere Records ya München, Ujerumani, ilitoa Maasai Hip Hop, albamu ya kwanza ya X Plastaz, kundi la Arusha lililoanza katikati ya miaka ya tisini. Jina hilo limewapotosha wengi. Anayeiweka albamu akitarajia nyimbo za morani zilizotiwa kinanda atakutana kwanza na vijana wa Chuga, yaani Arusha, wanaochana Kiswahili cha kijiweni: maisha magumu, dhiki na dhambi zake, kujirusha pale hela inapopatikana. Miongoni mwa wenye mistari ni Faza Nelly, Gsan na Ziggy. Mwimbaji wa Kimaasai ni mmoja tu, Merege, na ndiye aliyeibebea albamu jina. Amewezaje?

Tuanze na sauti yenyewe. Uimbaji wa Kimaasai hauna ngoma ya kupigwa. Kiongozi, olaranyani, anaanzisha sauti, kundi linamjibu kwa mngurumo wa kooni unaorudiarudia, na mngurumo huo ndio mdundo. Mtazame mwimbaji shingoni: kichwa kikienda mbele pumzi inatoka, kikirudi nyuma inaingia. Kwa hiyo hata pale anapovuta hewa mdundo haukatiki, kwa sababu kuvuta hewa nako ni sehemu ya mapigo. Prodyuza anayesikia hivyo kwa mara ya kwanza anaona kazi yake imeshafanywa nusu. Ana besi, ana kitu kinachofanana na kayamba, na vyote vimetoka kwenye koo.

Nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Wanaume kumi wakiimba uwanjani wanajiendesha wenyewe; wimbo ukichangamka wanaukaza kidogo kidogo na wanaoruka wanapanda nao. Biti ya kompyuta haikazi. Iko palepale tangu mwanzo hadi mwisho, na mwimbaji wa asili akiisikia kwenye hedifoni ama anaitangulia ama anaburutwa nayo. Sauti nayo haikupangwa kwa kinanda. Ukitanguliza kinanda halafu ukamwita mwimbaji, ataimba sawasawa na bado mtasikika mmepishana. Njia ya salama ni kumrekodi yeye kwanza, kisha kuisogeza ala imfuate. Na mngurumo wa kooni unakaa chini kabisa, palepale besi na kiki zinapogombania nafasi, kwa hiyo lazima kimoja kipunguzwe. Prodyuza mvivu humpunguza mwimbaji, akabaki kama redio ya jirani.

X Plastaz walikwepa mtego huo kwa mpangilio. Merege hakupewa kazi ya kupamba utangulizi kisha akatoweka. Anashika nafasi ya olaranyani, na wachanaji pamoja na biti wanakuwa lile kundi linalomjibu. Ukiusikiliza mpango huo mara moja, hauachi kuusikia: anaita, mstari unashuka, anaita tena. Si kitu cha kubuni mezani, maana hip hop nayo iliishi kwa kuitana na kuitikiana tangu enzi za sherehe za Bronx. Mila mbili zilikutana mahali zinapofanana, na hapo hapakuhitaji gundi nyingi. Kwa sikio langu, panapolegea ni pale kinanda kinapoongezewa melodia juu ya sauti ya Merege, kama vile mtu aliogopa nafasi tupu.

Jambo jingine ni lugha. Kimaasai kina toni: silabi ikipanda au kushuka, maana inaweza kugeuka, hivyo melodia haina uhuru wa kwenda popote. Kiswahili hakina mzigo huo. Mkazo wake uko karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mchanaji akishaijua tabia hiyo anaweza kuzigonga silabi hizo juu ya sneya mstari baada ya mstari. Ndiyo maana ile migawanyo ya kazi imekaa vizuri: Merege ananyoosha sauti, wenzake wanaikatakata. Kama wote wangenyoosha, tungepata kwaya. Arusha, hata hivyo, hakuna anayeona ajabu kusikia lugha hizo mbili kwa pamoja. Waarusha wa miteremko ya Meru wanazungumza Kimaa, lugha hiyohiyo ya Wamaasai, na kila asubuhi kwenye soko la Kilombero bei inatajwa kwa lugha moja na kulalamikiwa kwa nyingine.

Mfano wa kupimia ni Mr. Ebbo, aliyefariki 2011. Miaka ileile ya mwanzo wa elfu mbili alitamba na Mi Mmasai, na chombo chake kilikuwa lafudhi. Alichana Kiswahili cha Kimaasai kwa kuchekesha na nchi nzima ikacheka naye, akiwa mwenyewe mtu wa jamii hiyo. X Plastaz hawakugusa lafudhi kabisa; walichukua namna ya kuimba. Kibiashara hapa nyumbani Mr. Ebbo alishinda kwa mbali, na sioni ajabu. Kichekesho hakihitaji spika nzuri.

X Plastaz walikuwa na mlango mwingine. Meneja wao, Mholanzi Thomas Gesthuizen, anayejulikana kama J4, ndiye mwanzilishi wa Africanhiphop.com, na kundi lilizunguka Ulaya likipiga shoo. Huko shuka jekundu la Kimaasai lilieleweka kabla hata maiki haijawashwa, na nadhani jina la albamu lilitungwa kwa macho ya kumbi zile za Ulaya. Lilifungua milango, likafunga masikio: ni wangapi Ulaya waliowahi kuuliza Nelly alikuwa anasema nini?

Faza Nelly aliuawa Arusha mwaka 2006. Mwaka 2009 Gsan alisimama kuchana kwenye tuzo za hip hop za BET nchini Marekani. Alichana Kiswahili, bila Merege wala kiitikio, na zile silabi za pili kutoka mwisho zilitosha kumshikisha biti.