Uzi Uliokatwa Wiki ya Pili

Uzi ule haukupaswa kuguswa. Mliokuwa kwenye kikao cha kujadili wagonjwa mliiona video: kipandikizi cha glakoma cha AADI, siku ya 13, presha ya jicho 34, na mwenzetu analenga leza kwenye Vicryl iliyobana mrija. Uzi ukaachia, maji yakapita, presha ikashuka papo hapo. Ukumbini wapo waliopiga makofi.

Walishangilia nini? AADI, kama Baerveldt iliyoigwa kuitengeneza, haina valvu. Kinachozuia maji yasitoke yote ni uzi, mpaka kovu jembamba lizunguke bamba la kipandikizi na kuanza kuyapitisha kidogo kidogo. Kovu hilo huhitaji wiki tano au sita, na ndiyo maana huchaguliwa uzi unaoyeyuka kwa muda huohuo. Siku ya 13 bamba halina chochote cha kuyazuia maji. Kuukata uzi siku hiyo ni kulitoboa jicho.

Picha za siku iliyofuata zilionyeshwa harakaharaka, nami nikaelewa sababu. Presha 3. Chemba ya mbele imelala, airisi imegusa konea, na kwenye ultrasaundi koroidi imevimba pande zote mbili hadi inakaribia kukutana katikati. Kisha yakaja maumivu ya usiku, na damu nyuma ya koroidi. Mgonjwa aliyekuwa akisoma 6/18 sasa anaona mkono ukipungwa.

Na presha 34 ilikuwa na dawa! Timololi ilikuwepo. Vidonge vya asetazolamidi vilikuwepo, kwa mgonjwa ambaye figo zake tuliambiwa ni nzima. Zaidi ya hapo, mrija ungetobolewa matundu madogo mbele ya uzi siku ileile ya upasuaji, maji yakavuja kidogo wakati wa kusubiri. Hakuyatoboa. Aliogopa namba kwenye tonomita kuliko alivyoogopa chemba tupu, ugonjwa ambao nimeulalamikia hapa hadi mhariri amechoka.

Na mkono wake si mbaya. Upasuaji wenyewe ulikuwa safi: bamba limekaa mahali pake, kiraka cha sklera kinaufunika mrija vizuri. Kilichokosekana ni subira.

Anthony Molteno, aliyeanzisha vipandikizi vya aina hii Cape Town mwishoni mwa miaka ya 1960, alijua kungoja. Kuna wagonjwa aliowashonea bamba kwanza, akaacha wiki kadhaa zipite, ndipo akarudi kuingiza mrija kwenye chemba. Baadaye akaja na uzi wa Vicryl, kovu likapata muda wake bila upasuaji wa pili. Kizazi chetu kimerithi uzi, subira kimeiacha Cape Town.

Najua kuna watakaosema angeweka Ahmed tu, yenye valvu. Wanaoiuza husema hivyohivyo. Ahmed hupunguza hatari ya wiki za mwanzo, kweli, lakini kovu lake likinenepa presha hupanda tena, mgonjwa akarudi kwenye matone. Tena bei yake ni mara kadhaa ya AADI, na anayelipa ni mgonjwa.

Kinachoniudhi zaidi ni daftari la matokeo. Kwa vigezo tulivyorithi kutoka utafiti wa TVT wa Marekani, upasuaji umeshindwa ikiwa presha imezidi 21 au haikushuka kwa asilimia 20, ikiwa imebaki 5 au chini, ikiwa glakoma imepasuliwa upya, au jicho halioni tena hata mwanga. Tena presha huanza kuhesabiwa baada ya miezi mitatu. Balaa la wiki ya pili limepita kabla mlango haujafunguliwa. Jicho hili likitulia kwenye 14 litaandikwa limefaulu, na mwenzetu ataliingiza kwenye jedwali lake la mwaka. Jedwali hilo lingekuwa na safu ya uwezo wa kuona kabla na baada, tungeona 6/18 ikikaa pembeni ya mkono unaopungwa, na makofi yangepungua.