Apollo, Sinema ya Wana Oberlin

Oberlin ni mji mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani, na sifa yake kubwa ni chuo kilichokubali kupokea wanafunzi weusi tangu 1835. Lakini anayetaka kuwakuta profesa, mwanafunzi na fundi bomba kwenye foleni moja, aende Apollo.

Ukumbi huo wa sinema ulifunguliwa mwaka 1913, enzi za filamu bubu. Filamu zenye sauti ziliufikia 1928. Hongera za kwanza ziiendee familia ya Steel, iliyouendesha kwa miongo mingi, televisheni na kanda za video zikiwavuta watazamaji wabaki sebuleni. Kumbi ngapi za miji midogo zilifungwa wakati huo!

Mwaka 2009 chuo kikaununua. Kingeweza kuugeuza ukumbi wa mihadhara, na hakuna ambaye angeshangaa. Badala yake filamu za kawaida ziliendelea kuonyeshwa kwa wote, na pakaongezwa kituo cha kufundishia utengenezaji wa filamu, kilichopewa majina ya waigizaji Danny DeVito na Rhea Perlman. Mwanafunzi anayejifunza kuhariri anaweza kuketi ukumbini, akasikia watu waliolipa tiketi wanacheka wapi, na wapi wananyamaza.