Fundi wa Nyaya za Boti

Abiria anayevuka kwa boti ya faiba kwenda Lamu humshukuru nahodha. Fundi aliyefunga kisanduku cha fyuzi hamjui; kazi yake imefichwa nyuma ya swichi, juu ya ngama, sehemu ya chini ya boti yanapokusanyika maji, mahali yasipoweza kukifikia.

Volti 12 za betri ya boti hazimrushi mtu, na hapo ndipo wengi hudharau. Lakini betri ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampia, waya ukawa kaa la moto jirani na petroli. Kwa hiyo fundi makini huweka fyuzi kuu karibu kabisa na betri, kwenye waya chanya. Huchagua shaba iliyopakwa bati, kwa sababu chumvi hula shaba tupu hadi ikawa unga wa kijani. Kila ncha huibana kwa koleo, kisha huivuta kwa nguvu; ikichomoka, anaanza upya, maana injini hutetemesha kila kiungo.

Pampu ya ngama huipa njia yake kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, ili swichi kuu ikizimwa usiku iendelee kutoa maji. Halafu huandika jina kwenye kila waya, kwa ajili ya fundi mwingine atakayeingia humo kifudifudi, tochi mdomoni, akitafuta hitilafu huku boti ikiyumba.