Ubao wa Jioni

Wapo wahitimu wa baiolojia wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao ajira ya serikali bado haijawafikia. Pita Mbagala au Tandale jioni utawakuta kazini: ubao, chaki, na watoto wa kidato cha nne wamebanana kwenye mabenchi. Nawapa hongera zao. Mwanafunzi aliyesoma msingi kwa Kiswahili, halafu sekondari akamiminiwa usanisinuru kwa Kiingereza, anahitaji mtu wa kumfafanulia kabla ya mtihani wa NECTA wa Novemba. Maabara hakuna. Mwalimu anadondoshea iodini kipande cha muhogo mbichi, kinageuka bluu iliyokaribia weusi, na habari ya wanga imeeleweka. Ada? Wengine hulipa mwisho wa mwezi, wengine huahidi tu, na hafukuzwi mtu.