Makadem, Mbara Mara Mbili

Hebu fanya hesabu ya haraka. Umetazama video ngapi za wasanii wa Mombasa, na ngapi kati yake hazina ufuo, Fort Jesus ama zile pembe za ndovu za Moi Avenue? Msanii anatoka Kisauni ama Likoni, anachanga pesa atoe ngoma yake ya kwanza peke yake, halafu siku ya kamera anavuka kisiwani kutafuta mandhari. Mtaa wake unaachwa nyumbani, kama ndugu wa kuonewa haya.

Ndiyo maana nimerudi kumsikiliza Makadem. Huyu ni Charles Odero Ademson, mzaliwa wa Bangladesh, ule mtaa wa mabati ulio upande wa Mikindani na Jomvu, eneo lililokuwa ndani ya jimbo la Changamwe mpaka uchaguzi wa 2013. Aliimba kwenye mahoteli ya Pwani, akaenda Nairobi, akakutana na Tabu Osusa wa Ketebul Music. Kazi yake ya kwanza kama msanii wa kujitegemea ikatoka katikati ya miaka ya 2000. Jina lake: Ohanglaman.

Tuanze na hilo jina. Ohangla ni ngoma ya Wajaluo ya matanga na sherehe, ngoma zenyewe zikiwambwa ngozi ya kenge, na wazee hawakuipenda masikioni mwa watoto. Ile "man" ya mwisho ni ya raga: Yellowman, Beenie Man. Yaani jina limeshonwa kwa vitambaa viwili, kimoja cha babu na kingine cha spika za matatu. Na ndivyo anavyoimba. Ngoma zinakimbia chini, yeye juu anarusha maneno kama dijei wa raga anayeogopa kukatiwa stima. Kijaluo changu ni cha kuombea maji, lakini ile kasi naijua. Ni ya Changamwe saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiwahi zamu.

Sasa uliza mtu akutajie muziki wa Mombasa. Atasema taarab, atasema chakacha, akichangamka ataimba Jambo Bwana. Huo wimbo wa Them Mushrooms wa 1982 ni wetu, sibishi, lakini ulitungwa kwa ajili ya mtalii: unamkaribisha, unamtuliza, unamwambia hakuna shida. Makadem aliwaimbia watalii haohao, na alipopata nafasi ya kusema la kwake, hakumkaribisha mtu. Aliita jina la kwao.

Kinachotubana ni neno moja: bara. Kwa mtu wa kisiwani, Likoni ni bara, Kisauni ni bara, Changamwe ni bara. Halafu kuna "mtu wa bara", yule ambaye wazee wake walitoka Kisumu, Kakamega au Machakos wakafuata reli, bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta. Makadem ni mbara mara mbili. Na hili si suala la utani. Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakawageukia watu wa bara. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbia. Miaka michache baadaye, mzaliwa wa Bangladesh anatoa albamu na kuipa jina la Kijaluo bila kuomba radhi. Mimi nasikia ujasiri hapo, hata kama mwenyewe alitaka tu tucheze.

Utaniambia: lakini si alirekodi Nairobi? Si anaimba mambo ya Nyanza? Sawa. Ila ohangla ya kijijini haikuhitaji raga, na raga haikuhitaji ohangla. Zilihitaji mtaa ambapo redio ya jirani na matanga ya jirani mwingine vinasikika kupitia ukuta mmoja wa mabati. Lawama yangu ni kwamba studio imeisafisha mno. Ukimwona jukwaani na nyatiti, zile nyuzi nane na pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu ikigonga mbao, unapata vumbi ambalo albamu imelifagia.

Kwa hivyo wewe wa Mshomoroni ama Mtongwe unayejiandaa kushuti ngoma yako ya kwanza, usivuke kwanza. Piga picha foleni ya trela, mama wa viazi karai, ukuta wenye namba za simu za mafundi. Imba kwa lugha unayoota nayo, hata kama si Kiswahili. Ufuo hauendi popote. Mtaa ndio unaobomolewa kila barabara mpya ikija, na usipouweka kwenye video yako, hakuna mtalii atakayekuwekea.