Heko, Rohan Bopanna

Tenisi ya wawili wawili hailipi kama ile ya mmoja mmoja, na kamera nazo huipa kisogo. Rohan Bopanna, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Coorg, kusini mwa India, aliifanya kazi ya maisha. Tazama: mwenzake kainama wavuni, mkono mgongoni, vidole vikionyesha atavukia upande gani. Bopanna nyuma anaisoma ishara, anadundisha mpira, kisha anaupiga kwa nguvu iliyowasumbua wengi. Ufundi wenyewe uko hapo, kabla mpira haujaruka.

Mwaka 2010 alifika fainali ya US Open na Aisam-ul-Haq Qureshi wa Pakistan. Mhindi na Mpakistani upande mmoja wa wavu! Mapacha Bryan wa Marekani wakawatoa jasho na kuwashinda.

Baadaye gegedu la magoti likamwishia, akageukia yoga. Mwingine angetundika raketi. Januari 2024, akiwa na miaka 43, alitwaa Australian Open pamoja na Matthew Ebden, taji lake kubwa la kwanza la wanaume wawili wawili, akashika namba moja duniani. Hakuna aliyewahi kuifikia mara ya kwanza akiwa na umri huo. Mzee? Kwa hesabu za tenisi tu.